Bwana Shamba Asiyecheka

Mtu aliyenichekesha kuliko wote maishani mwangu hakuwa na uso wa kuchekesha. Alikuwa na uso wa mtu aliyetumwa kuleta taarifa ya msiba na hajajua aanzie wapi. Alikuwa anapanda jukwaani pale Majengo, Moshi mjini, kaptula ya kaki imenyooshwa, soksi zimevutwa hadi magotini, kofia kichwani, bomba la kunyunyizia dawa ya kahawa mgongoni, anatutazama tu. Anatazama. Watu wanaanza kukohoa. Anatazama. Mmoja huko nyuma anashindwa kujizuia, kicheko kinamtoka puani, na yeye anamgeukia polepole, anamwuliza, "Ndugu mwananchi, umepata nafuu?" Basi! Ukumbi wote chali.

Tulimwita Bwana Shamba, jukwaani na nje ya jukwaa. Shamba mwenyewe hakuwa nalo. Alizaliwa Bomang'ombe kwenye vumbi na upepo, na kahawa aliijua kwenye kikombe tu. Lakini hiyo ilikuwa miaka ya kilimo cha kufa na kupona. Mabwana shamba walikuwa kila mahali, redioni, mikutanoni, kwenye mabango, na watu walikuwa wamechoka kuelekezwa namna ya kushika jembe walilolishika tangu utoto. Kwa hiyo akatokea huyu wa kwetu, aliyekuwa anatoa maelekezo kwa nyimbo. Alizitunga mwenyewe, na aliziimba kwa sauti iliyonyooka kama anasoma matangazo ya mazishi. Kulikuwa na wimbo wa ng'ombe aliyegoma kutoa maziwa mpaka aombwe radhi. Kulikuwa na wa mkulima aliyepoteza buti moja la mpira, akawa analima nusu ya shamba tu, upande wa mguu wenye buti.

Mimi nilikuwa fundi cherehani, barazani kwa Mhindi mmoja muuza vitambaa karibu na soko la Moshi. Ndimi niliyemshonea hiyo kaptula. Siku ya kuijaribu aliivaa, akajitazama kwenye kioo muda mrefu sana, kisha akasema, "Dada, kaptula imekubali. Mimi ndiye bado." Nilicheka mpaka pini zikanitoka mdomoni. Akangoja nimalize, hata hakupepesa jicho.

"Unaimba?"

"Siimbi. Napiga kinanda kanisani kwetu."

"Hicho kinanda kinabebeka?"

"Kinabebeka wapi! Kina ukubwa wa kabati."

"Basi tutatafuta kinachobebeka," akasema, akaondoka na kaptula yake.

Haukupita muda akarudi na kodiani, kinanda cha kuvaa kifuani, kuukuu, iliyokuwa inapumua kama mzee mwenye pumu. Sijui aliitoa wapi na sikuuliza. Niliizoea upesi, maana vidole vyangu vilikwishajua njia. Kilichonishinda ni kukaa karibu naye bila kucheka. Nyie mnaosikia hamwezi kuelewa adhabu hiyo. Nilikuwa nang'ata shavu kwa ndani mpaka chumvi ya damu naionja, na kila nikidhani nimemzoea, ananigeukia katikati ya wimbo na kuniambia, "Mwanamuziki, kuna neno?"

Tulikuwa watu wachache: yeye, mimi, kijana wa gita, mpiga ngoma, na dereva. Dereva alikuwa Kalasinga mwenye gereji, aliyetuachia pikapu yake na siku zake zote za mapumziko kwa sababu ya mapenzi tu. Yeye kosa lake lilikuwa moja, kucheka kabla ya kichekesho. Anajua kinakuja, basi hawezi kukingoja. Bwana Shamba alikuwa akimtazama kwa huzuni kubwa na kusema, "Mheshimiwa, tuwangoje na wengine."

Tukazunguka. Soweto ya Moshi, Himo, Bomang'ombe siku ya soko, mashamba makubwa ya huko tambarare. Sabuni ilikuwa adimu, sukari kwa foleni, nguo zetu viraka juu ya viraka, lakini watu walikuja na vigoda vyao vichwani wakacheka mpaka wanashikana mabega. Mimi nilikuwa nimetoka mlimani nikijua kwamba furaha ni kitu cha Krismasi. Jamani, kumbe ipo hata Jumanne! Niliipenda kazi ile kuliko nilivyowahi kupenda kitu chochote, na siwezi kulisema hilo kwa upole.

Lakini habari mbaya zina miguu, zikapanda hadi kwetu, Machame juu. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Hakuwa mkali wa kupiga, alikuwa mkali wa kunyamaza. Sijawahi kumwona akicheka, na waliokua naye walisema hata wao hawakumbuki. Akanitumia ujumbe nipande nyumbani. Nikapanda, roho mkononi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

 Kuku wakapita. Mama akapuliza moto jikoni. Kimya.

"Nasikia unapiga kinanda barabarani na wanaume, watu wanacheka."

"Ndiyo, baba."

"Utarudi nyumbani. Cherehani hata huku ipo."

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai, nilizaliwa nazo. Nikasema kwa sauti ambayo binti hamwambii baba yake, "Lakini hujaona hata siku moja!" Nikaziba mdomo. Maneno yalikwishatoka.

Mama akaokoa jahazi kutoka jikoni. "Na kweli, baba yao, hujaona. Hata ng'ombe wa mnadani hutazamwa meno kwanza."

Baba akafikiri mpaka chai yake ikapoa. "Sikukuu ya Mavuno," akasema, "baada ya mnada. Waje. Nitatazama. Nikiona aibu, utashuka kwenye hilo gari na hutalipanda tena. Nisipoiona, sitasema neno." Akainuka, akaenda kwa ng'ombe wake. Mama akaninong'oneza, "Shukuru. Kwa baba yako hiyo ilikuwa hotuba."

Wasiotoka kwetu niwaeleze huo mnada. Jumapili, watu huleta sadaka ya vitu: mkungu wa ndizi, mayai, kuku, maziwa, magimbi. Ibada ikiisha wote wanatoka nje, mzee wa kanisa anasimama nyuma ya meza, na vitu vinanadiwa. Sasa, utamu wake uko hapa: ukinunua kitu unaweza kusema, "Narudisha. Kiuzwe tena." Basi kinauzwa mara ya pili, na ya tatu, kuku yuleyule, mpaka kuku mwenyewe anachoka. Siku ya Mavuno mnada ulikuwa mkubwa kuliko zote, na mnadi alikuwa baba yangu.

Tulifika mapema, bado umande. Bwana Shamba alikwishavaa kila kitu tangu Moshi, maana hatukuwahi kuwa na chumba cha kubadilishia. Hapo ndipo lilipofanyika kosa ambalo lingeweza kufanyika kwetu tu. Mwaka ule kahawa ilikuwa imeshikwa na chulebuni, buni zinakuwa nyeusi mtini zingali changa, na watu walikuwa wameahidiwa bwana shamba mpya. Miezi wanamngoja. Akina mama wa mlangoni wakaona kaptula ya kaki, soksi, bomba mgongoni. Ee, Mungu si Athumani! Wakampokea kwa mikono miwili, wakampeleka benchi la mbele kabisa, akakalishwa jirani na mke wa mchungaji. Mimi nilikuwa bado naishusha kodiani garini. Nilipoingia nikaona kofia ya kaki kule mbele, nikajibanza mlangoni na kodiani yangu.

Mchungaji akatangaza kwamba leo wana mgeni, Bwana Shamba wao mpya, akamwomba awasalimie washarika.

Akasimama. Yule mtu, akishavaa zile nguo, alikuwa hana namna nyingine ya kuwa. Akawatazama. Akatazama. Majengo kufikia hapo wangekuwa sakafuni. Kwetu wakadhani anaomba. Kichwa kimoja kikainama, kingine kikafuata, mwishowe kanisa zima likainamisha vichwa na kuomba pamoja naye, kimya. Akangoja kicheko. Hakikuja. Akasema, "Ndugu wananchi."

"Amina," wakajibu wote.

Akakaa. Nilikuwa sijawahi kumwona akitoka jasho. Nikamtazama baba kwenye kiti cha wazee. Uso wake ulikuwa ukuta.

Nje mambo yakazidi. Kabla mnada haujaanza watu walikwishakimbilia vihambani, kwenye mashamba ya nyumbani, na kurudi na matawi ya kahawa. Wakamzunguka, kila mtu na tawi lake, kila mtu na kilio chake. Bibi mmoja jirani yetu, mjane, akamshikisha tawi lililojaa buni nyeusi, akasema, "Mwanangu, niambie nifanye nini." Nilijua hana jibu. Nilijua pia kwamba akitoa kichekesho hapo, kwenye jasho la bibi wa watu, mimi na pikapu ndiyo basi. Akalitazama lile tawi kwa uso wake uleule wa msiba. Kisha akavua kofia.

"Pole, bibi," akasema.

"Haya! Wamekuja wengi," bibi akawageukia wenzake, "huyu ndiye wa kwanza kunipa pole."

Nikamfuata baba mezani. "Baba, yule si..." Akanyanyua kiganja. "Mnada unaanza," akasema.

Ukaanza. Mikungu ikauzwa, maziwa yakauzwa, mayai yakauzwa, yakarudishwa, yakauzwa tena. Akafuata jogoo mwekundu, mkubwa, mwenye dharau. Bwana Shamba akanyoosha mkono na kupandisha dau, akapandisha tena, akampata. Halafu akanitazama mimi na kusema lile neno moja nililokuwa naliogopa, "Kodiani."

Haikuwa zamu yetu. Tulikubaliana tupige baada ya mnada. Lakini aliona, kama nilivyoona mimi, kwamba kila dakika tunayoiacha inatuzamisha. Nikavaa kodiani. Akamshika jogoo mbele yake kama mtu anayemshika mtoto wa ubatizo, akamwimbia:

"Jogoo wangu, leo umenunuliwa,
usilie, usiulize na nani;
aliyekununua hana nyumba wala banda,
mtalala wote barazani."

Kimya. Mzee mmoja akavua kofia. Nyuma yangu nikasikia mtu ananong'ona, "Labda ni maelekezo mapya ya ufugaji." Kalasinga akacheka peke yake, akaona yuko peke yake, akaingia chini ya pikapu kujifanya anakaza nati. Nikaendelea kupiga huku machozi yananilenga, maana niliona yote yanakwisha hapohapo: Majengo, Soweto, njia zote zile, naachwa na cherehani chini ya migomba mpaka niolewe.

Wimbo ukaisha. Baba akagonga meza.

"Kimebaki kitu kimoja," akasema. "Bwana Shamba, panda hapa."

Juu ya meza. Bwana Shamba akapanda, bomba mgongoni, jogoo kwapani. Wakabaki wanatazamana, na mimi nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona maisha yangu yote nikikaa nacho nyumba moja: zile nyuso mbili zilikuwa uso mmoja. Baba akamzunguka. Akainama, akamtazama soksi. Akaligonga bomba kwa kifundo cha kidole, likatoa mlio wa debe tupu. Akatikisa kichwa polepole.

"Ndugu zangu," akasema, kwa sauti ileile aliyokuwa akisomea matangazo ya ndoa, "kanisa haliuzi watu. Tunauza kazi yake ya kesho, kuanzia umande mpaka jua kali. Mali nimeikagua. Bomba halina dawa. Mikono sijaiona, ameishughulisha na kuku. Tena leo imefika kabla ya kengele ya kwanza. Bwana shamba gani alishawahi kufika kabla ya kengele ya kwanza? Kwa hiyo si bwana shamba. Ni nini, sijui. Ila kaptula ni nzuri, ameishona binti yangu. Nani ataanza?"

 Watu walimtazama baba, wakamtazama mtu wa mezani, wakamtazama baba. Mzee wa kanisa! Yule yule! Hakutikisika hata unyusi.

Aliyeanza ni mama yangu. Kicheko kilimpasuka huko kwenye kundi la wanawake, akajifunika khanga usoni, kikatokea pembeni ya khanga. Halafu jirani yake. Halafu uwanja wote ukalipuka, wazee kwa watoto, mchungaji ameshika tumbo, kwaya inaegemeana.

"Yai moja!" mtu akapiga kelele.

"Yai moja ni nyingi, lakini kanisa linashukuru," baba akasema. "Nani anaongeza?"

"Mayai mawili!"

"Mkungu wa ndizi!"

"Mkungu na magimbi!" Huyo alikuwa yule bibi wa tawi.

"Mara ya kwanza. Mara ya pili." Baba akangoja. Alijua kungoja kuliko hata Bwana Shamba mwenyewe. "Ameuzwa."

Bibi akaja na mkongojo wake, watu wakampisha. Akamwambia mali yake ishuke, ikashuka. Akamshika viganja, akavigeuza, akapitisha kidole juu yavyo taratibu, vilikuwa laini kama ndizi mbivu. Akamwachia.

"Narudisha," akasema. "Auzwe tena."

Na Bwana Shamba akacheka.

Nilikuwa nimezunguka naye misimu mizima na sijawahi kuyaona meno yake ya nyuma. Kwanza mdomo ulipinda, akajaribu kuunyoosha, ukakataa. Kisha akatoa kicheko chembamba, cha juu, cha msichana wa shule, akakaa chini kwenye nyasi, bomba na yote, jogoo akachomoka kwapani na kukimbilia migombani, watoto nyuma yake. Kila alipojaribu kusimama alimwona baba, amesimama pale nyuma ya meza kama nguzo, akaanguka upya. Nami nikashindwa. Nikacheka juu ya kodiani mpaka ikatoa milio yake yenyewe.

Baada ya hapo, jamani, tulipiga! Wimbo wa jogoo waliutaka tena, na safari hii waliucheka mstari kwa mstari, na yule mzee aliyevua kofia ndiye aliyecheka kuliko wote. Ng'ombe aliyegoma waliomba mara tatu. Kalasinga alitoka chini ya gari na kucheza na akina mama wa kwaya. Tulipomaliza, mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa inazunguka mikononi, watu wanarudia maneno ya baba kwa sauti ya baba, na baba mwenyewe amekaa anakula mtori wake, hana habari na mtu.

Lakini hakuwa amesema neno kwangu, na mimi sikujua kama ndiyo ruhusa au neno bado linakuja. Alikuwa amejifanya kichekesho mbele ya usharika wake. Nani angesema hiyo si aibu? Pikapu ikapakiwa mikungu ya zawadi, wenzangu wakapanda, injini ikawashwa. Nikabaki nimesimama chini na kodiani kifuani, najiona mjinga, siwezi kupanda na siwezi kurudi ndani.

Baba akaja. Alivaa koti lake la ibada. Akasimama kando yangu, akalitazama gari, hakunitazama mimi.

"Unajua nilikuwa naogopa nini?"

"Aibu, baba."

"Aibu yangu mimi naiweza." Akanyamaza, na kwa mara ya kwanza nilisikia kwamba kimya chake kilikuwa kinatafuta maneno. "Niliambiwa watu wanacheka. Nikaona mwanangu amesimama mbele ya watu nisiowajua, wanamcheka, na mimi sipo."

Nikaiminya kodiani kifuani, ikatoa mlio mdogo. 

"Leo wamenicheka mimi," akasema. "Mzee mzima. Mbona sijafa."

Akaipokea kodiani mikononi mwangu, akaipandisha garini mwenyewe, akaisogeza mbali na mikungu isije ikaminywa. Kisha akanipa mkono nikapanda.